Bondeni Hakuna Dalili

Bondeni, 3 Februari

Mpwa wangu Kokoto,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, ukiondoa sikio langu la kulia, ambalo nililiacha kwenye baruti miaka ishirini iliyopita na mpaka leo halijarudi. Ndiyo maana nakuandikia. Juzi ulipopiga simu nilisikia "mlima" na nikasikia "mama", nikadhani mama yako amepanda mlima. Nilishinda na wasiwasi mpaka mke wangu Jemadari aliponinyang'anya simu akanieleza.

Huyo mkaza mjomba wako anakusalimu sana. Amepaka chokaa nyumba nzima, na wiki hiyohiyo ukuta wa sebuleni ukapasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Yeye anasema chokaa ni mbovu. Mimi nasema ukuta ndio mbovu. Bado hatujasuluhishwa.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Unajua visima vyote kumi na kimoja vya bondeni nilivichimba kwa mikono hii, kuanzia cha mwokaji mikate kule njia panda mpaka cha mwisho kabisa kule chini. Mwezi uliopita mwokaji aliniita, akasema maji yake yameshuka. Nikaenda na kamba. Kweli, yameshuka pima mbili. Baada ya siku chache yakarudi yenyewe, lakini yana uvuguvugu. Mwokaji amefurahi, siku hizi anakanda unga bila kuchemsha maji. Wiki iliyopita kisima kinachofuata, cha dobi, kikafanya vivyo hivyo. Dobi naye kafurahi. Jana ikawa zamu ya seremala. Seremala hana kazi na maji ya moto, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kulalamika.

Ardhi inatikisika kidogokidogo, vikombe vinagongana kabatini kama vinasalimiana. Watu wote wamekodoa macho kileleni kwenye moshi. Na mimi nakodoa, lakini kuna jambo haliniingii akilini: mlima uko kule, mbona vidole vyangu vinaungua huku?

Wewe ndiye uliyesomea mawe mpaka ukavishwa joho. Niambie.

Mjomba wako,
Fundi Visima


Mjini, 19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Yako ilikaa siku sita kwa dereva wa lori la maziwa. Anasema hakuisahau, aliihifadhi. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua kwenye ngazi, maana tuko ghorofa ya tatu, lakini amekataa katakata tuhamie chini kwa sababu mpangaji wa chini anaimba akipika. Anakusalimu, na anasema ubishi wako ni wa tangu tumboni. Ulizaliwa miguu ikitangulia.

Mjomba, watu wengi hudhani mlima wa moto ni kama chungu: moto chini, mfuniko juu, kikichemka kinafurika kileleni. Mara nyingine ni hivyo. Lakini yale mawe yaliyoyeyuka huko chini, sisi tunayaita magma, hayana mkataba na kilele. Yanatafuta penye udhaifu. Yakikuta mwamba una ufa, yanajipenyeza kama kabari unayoipigilia wewe kwenye jiwe. Ncha inatangulia, ufa unapanuka, mwamba unapasuka mbele yake, na huko kupasuka ndiko kunakogonganisha vikombe vyenu. Kisha yanaujaza ufa na kusukuma tena. Yanaweza kusafiri hivyo kwa ubavu, chini kwa chini, mwendo mrefu sana, yakiwa bapa kama ukuta uliozikwa, unene wake upana wa mlango tu. Huko yanakopita yanang'oa vipande vya mwamba wa kando. Vingine vinazama, vingine vinayeyuka humohumo, vingine vinabebwa. Na kabla hayajafika, mvuke na hewa yake vinatangulia. Maji ya visima huwa ya kwanza kupata habari.

Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Nasema inawezekana. Nimempa dereva kipimajoto akuletee. Tafadhali pima visima vyote na uandike tarehe. Kifunge kwa kamba ukiteremshe. Wewe usishuke, Mjomba. Narudia kwa sababu nakujua.

Jambo jingine: imeamuliwa watu wa kijiji cha juu, kile kilicho karibu na kilele, wahamishiwe kwenu kwa muda. Taarifa ya ofisi imeshaandikwa na imeshapelekwa. Inasema bondeni hakuna dalili. Iliandikwa kabla barua yako haijafika.

Wasalimie wote. Mwambie mkaza mjomba asipake tena ule ukuta.

Kokoto


Bondeni, 15 Machi

Marahaba Kokoto,

Kipimajoto kimefika kizima, ingawa dereva alikuwa ameshampima kila mtu wa kijiwe chake cha chai. Wote hawana homa.

Nilipima kwa kamba, kama ulivyoagiza. Kwa kawaida maji ya huku ni nyuzi kumi na nane, huo ndio ubaridi wake tangu nijue kuchimba. Sasa cha mwokaji ni arobaini na moja. Cha dobi thelathini na nane. Cha seremala thelathini na tatu. Cha shule ishirini na sita, nacho kilikuwa baridi kabisa mwezi uliopita. Cha soko kilikuwa ishirini na moja Jumatatu na ishirini na nne Alhamisi. Cha zahanati sikumaliza kukipima. Vitano vya chini bado vimelala. Ukisimama kwa mwokaji ukatazama chini, visima hivyo vimejipanga kama watu kwenye foleni, na joto linaita mmoja mmoja.

Wageni wa juu wamewasili, watu mia nne na mbuzi wasiohesabika. Wamewekwa kwenye mabanda ya soko. Mama mmoja alichota maji kwenye kisima cha soko, akaosha uso, akacheka peke yake. Akaniambia, "Tumekimbizwa moto wa juu, tumekuja kuoga maji ya moto bila kuni. Huku kwenu mmeendelea."

Ukuta wa sebuleni sasa unapitisha kidole. Jemadari ametundika kalenda juu yake.

Mjomba wako


Mjini, 24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mama hajambo, ila barua yako imemtia shaka, nami pia. Huo haukuwa mwandiko wako. Herufi zile zilizosimama wima kama askari ni za mkaza mjomba. Mkono una nini? Na kisima cha zahanati hukukimaliza kwa nini? Wewe hujawahi kuacha kisima nusu.

Nimevichora visima vyako kwenye ramani kwa mpangilio wa tarehe. Mjomba, ni mstari. Ungewekewa rula usingenyooka zaidi. Unatoka ubavuni mwa mlima na kuja bondeni, na umepitiliza shule.

Nilimpelekea mkuu wa kituo chetu cha kuchunguza mlima ramani hiyo. Aliivalia miwani.

"Nani amepima?"

"Mjomba wangu."

"Ana cheti?"

"Ana visima kumi na kimoja."

"Kisima si chombo cha serikali," akasema, akanirudishia ramani yangu kwa adabu kubwa.

Ujue tuna mashine tano za kupima mitetemo. Tatu ziko kileleni. Ya nne imekufa betri. Ya tano iko ghala la ofisi ikisubiri nati. Bondeni haijawahi kuwekwa hata moja. Kwa hiyo ofisi inaposema bondeni hakuna dalili, haisemi uongo. Mtu aliyefumba macho naye haoni dalili.

Taarifa haiwezi kubadilishwa mpaka kamati ikae, nayo inakaa Juni. Nakuomba mambo mawili. Mpelekee Afisa wa serikali wa huko bondeni hesabu zako za joto. Halafu mchukue mkaza mjomba mje huku kwetu. Mama ameshaamua mtalala wapi, na mimi ameshaamua nitalala jikoni.

Jibu upesi. Jibu kwa mkono wako.

Kokoto


Bondeni, 9 Aprili

Kokoto,

Marahaba. Mkono huu hapa, uone mwenyewe. Bega lilivutika kidogo, sasa linarudi.

Kuja mjini hatuji. Jemadari anasema hawezi kuacha watu mia nne wakioga kwenye kisima kinachopanda nyuzi kila wiki, kisha yeye akae ghorofani kumsikiliza mpangaji akiimba.

Nilifanya ulivyosema. Afisa aliitisha mkutano uwanjani, akakaa kivulini kwenye kiti, nasi tukakaa juani kwenye haki yetu ya kusikilizwa. Nikasimama nikasoma hesabu zangu zote. Nikawaambia kuna kitu kinatembea chini kwa chini kinafuata visima, na hewa ya humo ndani si njema, na hawa wageni wameletwa mbele ya kabari badala ya nyuma yake.

Afisa akauliza, "Fundi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akafungua karatasi. Akaisoma yote mpaka mihuri. "Bondeni hakuna dalili ya hatari. Imethibitishwa na mtaalamu." Akainyanyua ili watu waione. Kisha, kwa kuwa mimi ni mzee na yeye ni mtu wa heshima, akanipa niishike.

Niliishika. Nikaisoma mpaka chini. Nikamrudishia.

Mwokaji akanong'ona, "Wewe na mtaalamu, nani anajua mawe?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri.

Kesho ni siku ya mnada. Watu wote watakuwa mnadani na mbuzi wao mpaka alasiri. Nina kazi kidogo ya mawe.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako


Mjini, 10 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Bado sijapata jibu lako, na sitalingoja, kwa sababu nikilingoja sitaandika hili.

Taarifa ile niliiandika mimi. Mkuu alinipa maneno, "hakuna dalili", nikamwambia hatuna mashine bondeni, akasema, "Basi umeona dalili?" Nikasema sijaona. "Basi andika hujaona." Siku ya kutia sahihi yeye akawa na safari. Nilikaa na karatasi ile mezani tangu chakula cha mchana mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha. Nilijua. Sikujua kuhusu visima, lakini nilijua kwamba sijui, na mwenye kusoma ile karatasi asingeweza kulitambua hilo. Nikatia sahihi. Mjomba, ni sahihi yangu chini ya jambo lisilo sahihi. Watu wale mia nne nimewaleta mimi.

Nilipokuandikia "imeamuliwa" na "imeshaandikwa", nilikuwa najificha nyuma ya ofisi.

Mama hajui.

Kokoto


Ng'ambo ya mto, 8 Mei

Kokoto,

Marahaba. Sisi wazima. Tuko kwenye mahema, kwenye kilima kilichotazamana na bondeni, nusu siku kwa miguu. Barua yako ya tarehe 10 niliipokea nikiwa mahabusu. Usishtuke, nitaeleza.

Mtu akikuchimbia kisima, ukingo wake wa mawe una jiwe moja linaloshikilia mengine. Mwenye kujua ni fundi tu. Ukilitoa hilo kwa mtaimbo, ukingo wote unaingia ndani na nusu ya ukuta nyuma yake. Siku ile ya mnada nilitoa mawe kumi na moja. Jemadari alikuwa akinishikia ngazi na kuniambia nifanye haraka. Tulianza na cha mwokaji asubuhi, alasiri watu waliporudi na kiu tulikuwa tumekaa mlangoni kwetu tunawangoja. Nikawaambia, "Ni mimi."

Sijawahi kutukanwa kwa ufundi namna ile. Dobi alinitemea mate. Seremala, niliyemtengenezea kisima chake mara mbili, alienda mwenyewe kuwaita polisi. Nikafungiwa kwenye chumba cha kituo pamoja na magunia ya mahindi ya kesi nyingine.

Bila maji, bondeni hapakaliki hata siku tatu. Afisa ilimbidi aandike agizo la kuhama: watu wote, wa juu na wa chini, wavuke kwenda ng'ambo ya mto. Sababu: "uhaba wa maji uliosababishwa na mhalifu." Walihama kwa miguu wakinilaani kila hatua. Mhalifu alihama kwa gari la polisi, kiti cha mbele, mpaka hema la polisi.

Siku ya tisa baada ya kuhama, saa nne asubuhi, tulisikia mlio kama gogo linapasuliwa. Tukatoka mahemani. Kule bondeni mvuke ulianza kwa seremala, ukafuata mstari mpaka shuleni. Kisha udongo wa sokoni ukanyanyuka kama mkeka unaokunjwa, ukapasuka, na moto ukatoka ufani kwa urefu wote, si kama mlima unavyochorwa vitabuni, bali kama pazia. Mabanda ya soko yaliondoka kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika sentensi hii. Kileleni hapakutoka hata cheche. Moshi wake uliendelea taratibu kama wa mzee na kiko chake.

Waliokufa ni kuku wawili waliorudi wenyewe.

 Dobi akaja akasimama kando yangu, upande wa sikio zima. Akasema, "Hata hivyo ungetuambia."

Nikamwambia, "Niliwaambia."

"Ungetuambia vizuri."

Kesi yangu ipo palepale. Kuharibu visima ni kuharibu visima, hata vikiwa sasa viko chini ya mawe ya moto.

Kuhusu uliyoyaandika: nimesoma. Mkutanoni nilikuwa nimeshaiona sahihi yako. Ule mkia wa herufi ya mwisho nilikufundisha mimi mwenyewe, kwenye sakafu ya vumbi. Sikukutaja mbele ya watu. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilikuwa namjibu Afisa huku moyoni najibizana na wewe. Nilipokuwa nang'oa mawe yale, yale matatu ya kwanza niliyang'oa kwa hasira niliyokuwa nayo juu yako.

Jemadari anasalimu. Nyumba yetu haipo. Anasema ukuta ulikuwa mbovu, mwenyewe amekubali.

Mjomba wako


Mjini, 20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, sikuweza kufika mlangoni. Mama aliisoma baada yangu, na ile ya kwangu nikamweleza. Hajazungumza nami kwa siku mbili, isipokuwa kuniuliza kama nimekula.

Habari za ofisini ni nzuri mno. Tumetunukiwa cheti. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu: "Kwa kufanikisha uhamishaji wa wananchi kwa wakati." Mkuu alihojiwa redioni akasema tuliziona dalili mapema na tukachukua hatua. Alipoulizwa hatua gani, akasema za kitaalamu. Tulikata keki. Nilipewa kipande chenye ua.

Kwa hiyo huku kuna cheti kwa kazi uliyoifanya wewe, na huko kuna kesi kwa kazi hiyohiyo.

Niambie tarehe ya kesi. Nitakuja niseme mbele ya wote kwamba taarifa ilikuwa yangu, ilikuwa mbovu, na kwamba visima vyako ndivyo vilivyokuwa mashine ya pekee iliyofanya kazi. Usifanye lolote mpaka nije.

Kokoto


Ng'ambo ya mto, 14 Juni

Kokoto,

Marahaba. Dereva ana njia mpya, inazunguka mlima, kwa hiyo barua zako sasa zinahifadhiwa muda mrefu zaidi. Hii ya Mei imefika jana. Kesi ilikwisha tarehe mosi.

Hakimu aliniuliza kama nakubali kosa. Nikasema nakubali, visima ni vyangu na kuvunja nimevunja. Akaniuliza kama nina la kujitetea. Nikatazama nje dirishani kuelekea bondeni. Hakimu naye akatazama. Tukatazama wote. Kisha akasema sheria ni sheria, akanihukumu kuwachimbia watu hawa visima vitatu bila ujira. Nilikuwa nimeshaanza cha kwanza.

Usiende kusema chochote ofisini. Adhabu imeshatoka, ni nyepesi, na mimi ni mzee. Jina langu likichafuka lina miaka michache ya kunuka. Wewe una mama wa kulisha. Acha.

Na kwa kuwa nakukataza kujichoma, ni haki nikuambie nililokuficha. Kile kisima cha zahanati, kamba ilinasa, nikashuka. Najua ulisema. Nilifika nusu, pumzi ikakata. Hakukuwa na harufu wala moshi, hewa tu iliyokataa kuwa hewa. Jemadari na seremala walinivuta kwa kamba, bega likachomoka. Sikukuandikia kwa sababu kipimajoto kilitoka kwako, na ungekibeba moyoni.

Sasa nikupe habari ya mawe, utaipenda. Ufa umepoa upande wa chini, nilikwenda na Afisa, ambaye siku hizi ananiita Mzee. Jiwe lililotoka ni jeusi, lina matundu. Lakini ndani yake kuna vipande vya mawe mengine, kama maharage kwenye wali. Kimoja ni lile jiwe jeupe la chokaa ninalolikuta pima kumi chini kila nikichimba huku. Limeungua pembeni tu, limebebwa likiwa zima. Kingine ni cha kijani, kizito, chenye chembe zinazometameta. Hicho sikijui. Miaka arobaini nachimba, sijawahi kukutana nacho. Nimempa dereva kipande. Kimetoka wapi?

Mjomba wako


Mjini, 2 Julai

Shikamoo Mjomba,

Jiwe la kijani limefika. Lilitoka chini kuliko kisima chochote kitakachochimbwa duniani, chini ya msingi wa mlima wenyewe. Magma ililing'oa huko ikalibeba mpaka sokoni kwenu, na kwa kuwa ilipanda haraka, halikupata muda wa kuzama wala kuyeyuka. Nimelikata kipande chembamba kama karatasi nikalitazama kwa hadubini. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kikitoka kwenye jambo baya hivyo.

Barua yako ya kunikataza ilifika siku nne baada ya kamati kukaa. Nisamehe, lakini hata ingefika mapema ningesema tu.

Kamati walikuwa saba, na cheti kimetundikwa nyuma yao. Mkuu alisoma mafanikio ya kituo. Alipomaliza nikaomba kusema.

"Taarifa ya Februari ilikuwa na makosa," nikasema. "Niliiandika mimi. Tuliwapeleka watu mia nne kwenye njia ya magma. Waliookolewa, waliokolewa na mchimba visima ambaye amehukumiwa."

Mwenyekiti akaniuliza, "Unajua cheti hiki kimetolewa na kamati hii?"

"Najua."

"Kwa hiyo unasema kamati imekosea?"

"Nasema nilikosea mimi. Kamati ilinisoma tu."

Mkuu akakohoa. Akasema nimechoka, nimefanya kazi sana. Mwanakamati mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, akaomba ramani ya visima. Niliitoa mkobani. Aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole sokoni. Hakukiondoa mpaka kikao kilipofungwa.

Taarifa imefutwa rasmi. Mashine ya tano imepata nati ndani ya siku moja. Kumbe nati zilikuwapo. Mimi nimehamishwa ofisi, niko ghala la sampuli za mawe, chumba hakina dirisha. Mama amecheka aliposikia, mara ya kwanza tangu Mei. Amesema angalau humo hakuna karatasi ya kutia sahihi.

Nimeambatanisha nakala ya taarifa mpya, nayo nimeiandika mimi. Inasema wazi nani aliandika ya kwanza. Nakuomba uisome mkutanoni, mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile Afisa aliyosomea ile nyingine. Wanitukane wanavyotaka. Halafu uniandikie walivyosema, bila kunifichia neno.

Kokoto


Ng'ambo ya mto, 25 Julai

Kokoto,

Marahaba, mpwa wangu. Tu wazima. Jemadari ameanza kupanda mboga mbele ya hema, kwa hiyo naona hatuhami karibuni.

Nimesoma. Afisa alinipa kiti chake, nikakikataa, nikasoma nimesimama. Nilipofika penye jina lako nikarudia mstari ule ili wa nyuma nao wasikie. Nikawaambia ni mtoto wa dada yangu, wasije wakasema niliwaficha.

Uliniambia nisikufichie neno. Mwokaji alisema watu wa namna yako wafungwe na magunia ya mahindi. Yule mama wa kijiji cha juu alisema watoto wake watatu walilala kwenye banda la soko wiki sita, akakaa chini. Hilo ndilo lililoniuma, nami nakupelekea kama lilivyo. Hakuna aliyekutetea. Mimi sikukutetea pia.

Kisha Afisa akataka kufunga mkutano, dobi akanyoosha mkono. Akasema visima viwili vimekwisha, cha tatu bado. Akauliza nani atakayesema kichimbwe wapi, maana safari hii anataka mtu anayejua kilicho chini na anayeogopa kukosea. Seremala akasema fundi yupo. Dobi akajibu, "Fundi anajua kuchimba. Namtaka yule aliyekosea. Huyo hatakosea tena."

Wakabishana mpaka jua likahama. Mwisho wakapiga kura kwa mikono, nami niliihesabu kwa sikio moja na macho mawili: wengi wamekubali uje. Yule mama wa juu alinyoosha mkono wake mwishoni kabisa, akaweka sharti, na sharti likapita bila kupingwa.

Njoo uonyeshe mahali. Tukifika kwenye maji, wewe ndiye utakayekunywa kwanza, wao wakikutazama.

Mjomba wako,
Fundi Visima